Faili la Viza Kutoka Mtwara: Mwongozo Kamili wa Kwenda Dar Mara Moja Tu

Nina meza, kompyuta na printa hapa Mtwara mjini, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kujaza fomu za watu. Mwezi haupiti bila mtu kurudi kutoka Dar es Salaam na bahasha ile ile niliyomfungia. Amelala kwenye basi, amelipa gesti, amefika dirishani ubalozini, kisha kaambiwa kuna karatasi imepungua. Anarudi Mtwara, anaitafuta, anapanda tena basi. Safari ya tatu, hela ya tiketi ya ndege imeshaliwa na nauli za basi.

Nimeandika hatua hizi kwa sababu makosa ni yale yale, na mengi si ya uzembe. Ni mambo ambayo sisi huku tunayaona ya kawaida na msomaji wa faili anayaona ya ajabu.

Mwongozo unahusu viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uholanzi na wenzao, jumla yao nchi 29. Uingereza haimo, ina viza yake. Mifano mingi nimeitoa Ujerumani kwa kuwa ndiko wateja wangu wengi wanakoalikwa: na marafiki wa parokia waliofahamiana nao kupitia misheni ya Ndanda, au na mabinti zao walioolewa huko.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Pasipoti, na nakala ya ukurasa wa picha
- Namba au kitambulisho cha NIDA, na cheti cha kuzaliwa
- Cheti cha ndoa kama umeoa au umeolewa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto
- Fomu ya maombi iliyojazwa na kusainiwa
- Picha 2 za milimita 35 kwa 45
- Barua ya mwaliko na nakala ya kitambulisho cha mwenyeji
- Taarifa ya benki yenye muhuri, ya miezi mingi kadiri utakavyoweza
- Uthibitisho wa kazi, biashara au shamba
- Bima ya safari
- Nafasi ya ndege iliyoshikiliwa, kwenda na kurudi
- Ada: mtu mzima yuro 90, mtoto wa miaka 6 hadi 11 yuro 45, chini ya hapo bure

Ada hairudishwi viza ikikataliwa. Kama maombi yanapokelewa na kituo na si ubalozi wenyewe, kuna ada ya huduma juu yake.

Hatua ya 1: Hakikisha wewe ni mtu mmoja

Kwenye karatasi, Saidi na Said ni watu wawili. Mohamedi na Mohamed pia, Hadija na Khadija, Fatuma na Fatma. Kusini tunaandika jina kama linavyotamkwa, mwalimu wa shule kaandika alivyozoea, karani wa kitambulisho kaandika alivyosikia.

Chukua karatasi nyeupe. Nakili jina lako na tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye kila hati, herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, NIDA, pasipoti, cheti cha ndoa, benki, AMCOS (chama chako cha ushirika cha mazao). Panga moja chini ya nyingine. Usiamini kichwa chako, kichwa kinasoma jina unalolijua hata kama halijaandikwa.

Tofauti ikiwa ni herufi moja mbili, hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu kwamba majina yote ni ya mtu mmoja mara nyingi inatosha. Ikiwa ni tarehe ya kuzaliwa au jina zima, rekebisha RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa) na NIDA kwanza, ndipo uende kwenye pasipoti. Ukianza na pasipoti utailipia mara mbili.

Wanandoa wetu hawana jina moja la ukoo, na hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana la mwisho. Hiyo si kasoro, ila msomaji wa faili hajui. Kinachowaunganisha ni vyeti. Kama ndoa yenu ina karatasi ya shehe peke yake, fuatilia cheti cha ndoa cha serikali sasa, usingoje wiki ya safari.

Hatua imekamilika pale mtu asiyekujua anapopewa karatasi ile nyeupe na asiulize swali.

Hatua ya 2: Pasipoti

Maombi yanaanzia kwenye mtandao wa Uhamiaji, kisha unapeleka fomu na viambatanisho Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, Mtwara au Lindi, ambako utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Gharama ni Sh 150,000. Mbali na NIDA na cheti chako, utaulizwa cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo badala yake. Wazee wetu wengi hawana cheti, kwa hiyo andaa kiapo mapema.

Kwa Schengen, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakiwe na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Ya zamani yenye viza usiitupe. Ndiyo shahidi kwamba ulikwenda na ukarudi.

Hatua ya 3: Chagua ubalozi sahihi na shika miadi

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza. Kubadilisha ndege Frankfurt ukielekea Roma hakukufanyi uwe mgeni wa Ujerumani. Nimeona watu wakikimbilia ubalozi wanaoambiwa ni "rahisi" huku mwaliko wao ni wa nchi nyingine, na faili zinarudishwa bila kufunguliwa.

Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala chini ya siku 15. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45. Nafasi za miadi nazo hujaa. Mimi humwambia mtu aanze miezi 3 kabla.

Angalia saa ya miadi kwa macho mawili. Ikiandikwa 10:00 ni saa nne asubuhi, si saa kumi. Unacheka, lakini mzee mmoja kutoka Newala alifika saa kumi jioni kamili, kanzu imepigwa pasi, na mlinzi akamwambia wamefunga.

Hatua ya 4: Mwaliko, na neno "dada"

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka mwenyewe.

Maombi yangu ya kwanza kabisa yalikufa kwa neno dada. Aliyenialika ni mtoto wa mama mkubwa. Tumelala mkeka mmoja tangu utoto, na ukiniuliza hata usiku wa manane nitasema ni dada yangu. Yeye kakaa huko miaka mingi, kwenye barua akaandika binamu. Mimi kwenye fomu nimeandika dada. Dirishani nikaulizwa jina la mama yake, nikataja la mama mkubwa. Nikaulizwa la mama yangu, nikataja la mama. Afisa akaandika kitu kifupi, akanishukuru. Wiki mbili baadaye barua ikasema maelezo yangu kuhusu sababu ya safari hayaaminiki.

Sikuwa nimedanganya hata neno moja. Ila fomu za wenzetu hazina baba mdogo wala mama mkubwa. Mdogo wa baba, kaka wa mama na mume wa shangazi wote kwao ni anko. Mtoto wa baba mdogo si kaka, ni binamu. Ukiandika "baba" kwa mtu asiyekuzaa, faili lako lina baba wawili.

Kwa hiyo, usitumie cheo cha undugu peke yake. Eleza njia. Mfano: "Aliyenialika ni binti wa dada mkubwa wa mama yangu. Mama zetu wamezaliwa na bibi mmoja." Kisha mpigie mwenyeji, msome barua yake na fomu yako kwa pamoja kwenye simu, mpaka maneno yafanane. Ambatanisha vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha mama hao wawili. Mkikosa cheti cha mmoja, weka kiapo.

Kuna suala la mjomba pia. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba kumgharamia mpwa si jambo la kuulizwa. Msomaji wa faili atajiuliza mbona baba yupo hai na hachangii. Sentensi mbili za maelezo zinamaliza swali lake, mradi ziwe kwenye faili kabla hajauliza.

Mwenyeji wa Ujerumani anayetaka kubeba gharama zako aende ofisi ya wageni ya mji wake akachukue hati ya kuwajibika. Wenyewe huiita Verpflichtungserklärung, na ada yake ni yuro 29. Inatakiwa hati yenyewe halisi, si picha ya WhatsApp, kwa hiyo hesabu muda wa kuitumia kwa posta au kwa mkono wa msafiri. Barua ya mapenzi mema ya kurasa tatu haichukui nafasi yake.

Kama safari si ya ndugu, ratiba ndiyo mwaliko wako. "Kutembea Ulaya" si sababu. Mwalimu mmoja wa Lindi aliandika kwamba anataka kumwona mjusi wa Tendaguru (dinosaria) huko Berlin, yule aliyechimbwa kwetu kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimamishwa makumbusho, kimo chake kinapita meta 13. Siku, mahali na sababu vikawa vimekamilika kwenye mstari mmoja. (Mjusi mwenyewe alivuka bila taarifa ya benki.)

Hatua ya 5: Pesa ya korosho na akaunti inayolala

Hili ndilo linalowaangusha wengi wetu, na miongozo ya Dar hailigusi, kwa sababu imeandikiwa mtu wa mshahara.

Fungua taarifa ya benki ya mkulima wa Tandahimba. Machi salio ni shilingi elfu kumi na mbili. Juni, elfu nne. Septemba, elfu tatu na mia tano. Halafu Novemba zinaingia milioni sita na laki mbili kwa mkupuo, na wiki mbili baadaye anaomba viza.

Wewe na mimi tunaona mnada umefanyika. Afisa anaona mtu asiye na kitu aliyeazimwa pesa ili zionekane. Kwake, mtu mwenye kipato ana mstari unaojirudia kila mwezi. Hajui kwamba korosho huvunwa mara moja kwa mwaka, zinakwenda ghalani, zinauzwa kwa mnada kupitia chama kikuu, na malipo yanashuka benki kwa awamu. Ni wajibu wako kumfundisha, kwa karatasi.

Fanya hivi:

Kwanza, usipeleke taarifa ya miezi 3 au 6 tu hata kama ndiyo iliyotajwa. Omba benki miezi 24 yenye muhuri. Misimu miwili ikionekana, pesa ya Novemba inageuka kuwa desturi, haishangazi tena.

Pili, ambatanisha stakabadhi za AMCOS zenye kilo na daraja la korosho, ili jumla yake ilingane na kilichoingia benki baada ya makato. Zungushia kwa kalamu kila pesa iliyoingia na andika pembeni namba ya stakabadhi yake. Kazi ya nusu saa, lakini sijui karatasi yenye nguvu kuliko hiyo.

Tatu, chukua barua ya AMCOS kwamba wewe ni mwanachama tangu mwaka fulani, na barua ya serikali ya kijiji inayotaja eka na mikorosho. Ziwe na muhuri, tarehe na namba ya simu inayopokelewa. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe. BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, hufanya tafsiri na kuthibitisha zilizofanywa na wengine.

Nne, andika maelezo ya ukurasa mmoja: kipato changu ni cha msimu, huvuna kuanzia Oktoba, hulipwa kati ya Novemba na Januari, na hizo ndizo zinazonilea mwaka mzima.

Tano, ifanye mikorosho iwe sababu ya kurudi. Kupulizia salfa kunaanza karibu Juni. Ukiandika kwamba unaondoka Aprili na kurudi katikati ya Mei kwa sababu usipopulizia msimu unapotea, umejibu swali kubwa kuliko yote, lile la "utarudi?", bila kuapa.

Waliouza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa kichochoroni nje ya mnada, hapa ndipo inapowauma. Pesa ilipatikana haraka, ila haina stakabadhi, na kwenye faili isiyo na stakabadhi ni kama haikuwahi kuwepo. Sina dawa ya hilo zaidi ya kungoja msimu unaofuata na kupitisha ghalani.

Onyo: usiazime milioni za kukaa kwenye akaunti siku tatu. Na usikubali taarifa ya benki ya kutengenezwa na kishoka. Hati ya kughushi ikigundulika inabaki kwenye kumbukumbu zao, na kila ubalozi wa Schengen utakaouendea baadaye unaweza kuiona.

Wafanyakazi wa mshahara, kwenu ni mteremko: hati za mshahara za miezi 3, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, basi. Wenye duka waweke leseni na karatasi za TRA. Anayezungushia fedha kwenye simu aombe taarifa kamili ya miamala kutoka kampuni ya simu.

Hatua ya 6: Picha, bima, ndege

Mwambie mpiga picha mapema kwamba mandhari iwe nyeupe au kijivu hafifu. Usiposema, atakupa ya bluu, maana ndiyo aliyozoea kwa pasipoti yetu. Mtandio wa dini unaruhusiwa mradi uso uonekane wote kutoka kidevu hadi paji.

Bima iwe ya angalau yuro 30,000, itaje nchi zote za Schengen, matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, na ifunike kila siku ya safari. Ikipungua siku moja, faili lina kasoro.

Ndege, shikilia nafasi tu. Usilipe tiketi kamili kabla ya viza.

Hatua ya 7: Kutoka Mtwara hadi dirishani

Ni kilometa kama 560. Mabasi yanaondoka stendi ya Mkanaledi alfajiri, na mambo yakienda vizuri unaingia Mbagala jioni. Mambo hayaendi vizuri kila mara. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika eneo la Somanga na watu wakakaa njiani siku kadhaa. Masika, ondoka siku 3 kabla ya miadi. Kiangazi, siku 2. Anayemudu ndege apande, ila naye asiende siku ile ile.

Bahasha ikae mikononi, si kwenye buti la basi. Hati halisi upande mmoja, nakala upande mwingine, zikifuata mpangilio wa orodha ya ubalozi. Aliyepanga faili vizuri hahojiwi sana, hilo nimeliona mara nyingi.

Vidole vyote kumi vitachukuliwa alama. Wanawake, hina na piko za harusi zisubiri: zinazofika kwenye ncha za vidole huweza kuisumbua mashine. Wabangua korosho, mnajua mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi. Acheni kubangua wiki mbili kabla. Alama hizo hutunzwa miezi 59, ndani ya muda huo kwa kawaida hurudii kuzitoa.

Hatua ya 8: Kuzungumza dirishani

Tofauti ya mila haianzii uwanja wa ndege wa Ulaya. Inaanzia kwenye kiti kile.

Salimia kwa ufupi. Shikamoo moja ni heshima, ila habari za nyumbani, za kazi na za watoto hazina nafasi. Asipokuuliza hali usione kadharau, ana foleni.

Mtazame. Sisi tumelelewa kwamba mdogo haangalii mkubwa usoni. Kule anayeinamisha macho anadhaniwa anaficha kitu. Ukiona vigumu, angalia kati ya nyusi zake.

Jibu kilichoulizwa, kisha nyamaza. Ukimya wa afisa si swali jipya. Anaandika.

Angalia sana "ndiyo". Akikuuliza, "Hujawahi kunyimwa viza?" kwa Kiswahili unajibu "Ndiyo", yaani ni kweli, sijawahi. Likifika kwa lugha nyingine, ndiyo hiyo inakuwa nimewahi. Jibu kwa sentensi nzima: "Sijawahi kunyimwa." Na kama umewahi, sema. Wanaona.

Jingine ni Inshallah. Mama mmoja wa Mikindani aliulizwa:

"Utarudi lini?"

"Inshallah nitarudi."

"Utarudi au hutarudi?"

"Mungu akipenda, mwanangu."

Kwake hiyo ni ahadi nzito kuliko zote. Kwa anayesikiliza ni labda. Tulipomwandaa mara ya pili alijibu, "Narudi tarehe 14 Mei, ndege ya usiku, Inshallah." Tarehe mbele, dua nyuma. Alipewa.

Ukiulizwa lugha, chagua ile unayoiota. Kiingereza cha kubabaisha hakikuongezei alama.

Ukitoka na risiti yenye namba ya kufuatilia, na hakuna aliyekutaka urudi na karatasi, hatua hii umeifaulu.

Hatua ya 9: Pasipoti ikirudi

Soma stika ya viza kabla hujaondoka pale. Ina tarehe ya kuanza na ya mwisho, na pembeni ina idadi ya siku za kukaa. Hivyo ni vitu viwili. Tarehe zinaweza kuwa na nafasi ya siku 30 na siku za kukaa zikawa 15. Ukikaa 16, umevunja sheria hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Angalia pia kama umeruhusiwa kuingia mara moja au zaidi, na kama jina limenakiliwa sawasawa.

Ikikataliwa, utapewa fomu yenye sababu zilizowekewa alama. Isome kama fundi anayesoma gari bovu. Alama kwenye uwezo wa fedha, rudi hatua ya 5. Kwenye sababu ya safari, hatua ya 4. Kwenye nia ya kurudi, ongeza shamba, kazi, watoto, hati ya nyumba. Njia ya rufaa inategemea nchi. Ujerumani, tangu 1 Julai 2025, imeondoa utaratibu wa kuandika barua ya kupinga ubalozini, unabaki kwenda mahakamani au kuomba upya. Mimi naona kuomba upya kwa faili lililorekebishwa ni nafuu. Ila kuomba upya na faili lile lile ni kuwapa yuro 90 nyingine.

Hatua ya 10: Mzigo na mpakani

Nyama na maziwa hayaingii, hata ile nyama kavu ya mama. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama nazi, ndizi na nanasi. Embe la Nachingwea libaki. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa hazina shida, na hakuna zawadi inayopokelewa vizuri kama hiyo. Funga kilo mbili.

Fotokopi za mwaliko, bima na tiketi ya kurudi zikae begi la mkononi. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. Afisa wa mpakani anaweza kuuliza upya yote. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza kusajili uso kwa mfumo wao wa kuingia na kutoka, na siku zako zinahesabiwa na kompyuta.

Hatua ya 11: Ukiwa kwa mwenyeji

Hapa hakuna ubalozi wa kukunyima, lakini kuna mwenyeji anayeweza asikualike tena.

Ujerumani hakuna hodi ya ghafla. Hata mtoto wako mwenyewe, usimletee wageni bila kumwambia siku kabla. Ukiambiwa chakula ni saa 12:30, hiyo ni saa sita na nusu mchana, na saa saba kasoro sio hiyo.

Akikuuliza "Utakula zaidi?" anataka jibu la kweli. Kwetu unakataa mara mbili kwa adabu, ya tatu unakubali. Kule ukikataa mara moja sahani inaondolewa. Kijana mmoja wa Masasi alilala njaa siku mbili za kwanza kwa sababu ya adabu zake.

Kuanzia saa nne usiku ni kimya: hakuna redio, hakuna simu ya sauti kubwa barazani. Jumapili maduka mengi hufungwa, nunua mahitaji Jumamosi. Chupa za plastiki usitupe, nyingi zina amana ya senti 25 unayorudishiwa kwenye mashine dukani. Kwenye treni za mjini hakuna konda wa kukufuata kiti hadi kiti kama kwenye basi letu. Mkaguzi hutokea tu, na asiye na tiketi hulipa yuro 60. "Nilikuwa nalipa sasa hivi" haisaidii.

Viatu, muulize mwenyeji mlangoni. Nyumba nyingi huvua, na hilo tunafanana.

Ukirudi, kadi za kupandia ndege usizitupe pale Dar. Zitie kwenye bahasha ile ile pamoja na nakala ya stika, andika juu yake tarehe uliyotoka na uliyoingia, na uihifadhi mahali mchwa hawafiki.